Zedekiah Ogola, Aliyejifunza Kuiamrisha Mashine

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa ukumbi huu wa Kaloleni, sisi wa familia yake tumeyaandika haya kwa shida, kwa maana Jumamosi iliyopita asubuhi tulikunywa naye chai.

Marehemu Zedekiah Ogola alizaliwa tarehe 3 Mei 1934 huko Yala, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane mwaka 1951, kisha akaja kwa mjomba wake aliyefanya kazi ya reli, papa hapa Kaloleni. Tarehe 2 Februari 1953 aliajiriwa na kampuni ya uchapishaji, akawa mpangaji wa herufi za risasi, zile za madini za kuchapia, aliyesoma maneno kinyumenyume upesi kuliko wengi wetu tunavyosoma yaliyonyooka. Alifunga ndoa na Phelister tarehe 20 Desemba 1958, Mungu akawajalia watoto watano, kifungua mimba akiwa Anyango.

Januari 1986 kampuni ilileta kompyuta ya kupanga kurasa, wazee wakaambiwa waziwazi kwamba atakayeshindwa kuiamrisha kufikia Machi 1987 atakwenda nyumbani. Marehemu alikonda kwa wasiwasi, watoto wawili walikuwa bado shuleni, lakini elimu haina mzee, akamfuata Wacera, msichana wa chumba cha mashine, amfundishe lugha ya kuipa mashine hiyo maagizo. Humo mtu hashiki herufi, huandika tu, hapa anza maandishi mazito, hapa yakome, na agizo moja laweza kuita mengine kumi. Wiki ya kwanza alisahau kulifunga agizo la maandishi mazito, kadi ya harusi ya watu ikatoka nzito yote hadi jina la mpishi, akacheka mpaka akafuta machozi.

Kwa mtihani wa kampuni, aliopangiwa Jumatatu tarehe 16 Machi, alitunga maagizo ya kupanga programu ya mazishi, karatasi ya ratiba wanayogawiwa waombolezaji, ili mtu ajaze jina na tarehe tu, mashine ifanye mengine. Jina la kujaribia lilihitajika, naye akakataa katakata kumwandikia kifo mtu mwingine aliye hai, akaweka lake. Mama Phelister aliiona karatasi ya jaribio hilo mfukoni mwa koti lake, akamkaripia vikali kwamba mambo hayo hayachezewi, naye akamuuliza kwa upole, "Sasa Mama Anyango, ningeandika la nani?"

Kuhusu ugonjwa, wapendwa, hatuna la kusoma, hakuumwa hata kichwa. Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi, alivaa viatu aende soko la Burma kununua nyama, akaanguka mlangoni, majirani wakambeba mbio, na hospitalini madaktari wakasema ni moyo. Hadi sasa hatuamini.

Jumatatu meneja aliuliza kama maagizo yale yangefanya kazi bila mwenyewe. Wacera aliketi mbele ya mashine akilia, jina alilikuta, tarehe ya kuzaliwa aliikuta, akajaza nafasi moja iliyobaki, na programu hizi mlizoshika zikatoka bila kosa hata moja.

Tunawashukuru madaktari waliojitahidi, majirani waliombeba, na wafanyakazi wenzake, Wacera hasa. Mtihani umeupita, Baba Anyango, sasa pumzika kwa amani.