Kompyuta ya Ndani Imeombewa

Nzau alikuwa akipandisha abiria wawili kilima cha Mbooni kwa bodaboda, masikio yote yakiwa nyuma. Kanini wa kwaya alikuwa amekumbatia laptop mpya ya kanisa.

"Programu yetu ya nyimbo ni ya zamani, hii iliikataa," akamwambia Muindi, mzee wa kanisa. "Kwa hivyo ile kompyuta ya zamani nimeihamisha yote, mfumo na mafaili, ikaingia ndani ya hii na inawaka humo kwenye dirisha lake. Programu inadhani bado iko kwao."

"Ile ya zamani pasta aliiombea. Hii bado."

"Lakini si iliyoombewa iko ndani, mzee?"

"Na hii ya nje ikizima?"

"Ya ndani pia inazima."

"Haya basi, hata ya nje iombewe."

Walishuka kwa geti ya kanisa wakibishana bado. Nzau akaitazama pikipiki yake. Tangu ainunue alikuwa hajawahi kuipeleka kuombewa, na njia yote ya kupanda ilikuwa imebeba watu wawili waliookoka; sasa ilibaki na yeye tu. Kilima akakiteremka polepole.