Koleta Ngollo, Mkalimani wa Hesabu za Mvua

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Chemchem na nyote mliosafiri kuja kutushika mkono, shikamooni. Mimi ni Recheli, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Koleta Xavery Ngollo.

Mama alizaliwa Igalula tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa wakulima Xavery na Apolinaria, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari hapa Tabora mjini, na mwaka 1992 akahitimu shahada ya hisabati Dar es Salaam.

Mwaka 1993 aliajiriwa na chama cha wakulima hapa Tabora, ambako mtakwimu wao, Mzee Nassibu wa Gongoni, alikuwa ameandika kwa lugha ya kompyuta ya Fortran hesabu za kukadiria siku ya kupanda kutokana na mvua za miaka iliyopita. Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa na baba yetu, Mwalimu Nikolaus, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1997 na Shukrani mwaka 2001.

Mwaka 2016 chama kilihamia kwenye lugha mpya ya Python, vijana wakataka hesabu za Mzee Nassibu, ambaye alikwisha kufariki, zitupwe na kuandikwa upya, Mama akakataa, akawaambia, "Jamani, misafara yote ilipita Tabora hii na lugha zake, nani aliambiwa akazaliwe upya? Mgeni anatafutiwa mkalimani." Akaandika programu fupi ya kukaa katikati, inayopokea takwimu kutoka Python, kuzikabidhi kwa Fortran na kurudisha majibu, bila kugusa hesabu za mzee.

Jaribio la kwanza lilionyesha mvua kubwa Igalula mwezi Julai, na Bibi Apolinaria akamuuliza, "We Koleta, Julai huku hata umande ni wa kutafuta, hiyo mashine yako inanyeshewa wapi?" Mama alicheka hadi machozi, kisha akatambua kwamba Python ililipanga jedwali kwa kwenda upande na Fortran ikalisoma kwa kushuka chini, hivyo miezi na vijiji vikabadilishana nafasi. Akamfundisha mkalimani wake kuligeuza jedwali kwanza, na tangu msimu huo wakulima wetu wanapanda kwa kalenda inayotolewa na hesabu hizo.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alichohofia ni kuondoka na kazi ambayo hakuna mwingine aliyeielewa, kwa hiyo, kila alipopata nguvu, alimwita nyumbani mfanyakazi mwenzake, Sadiki, akamfundisha akiwa amelala, akimtania, "Mwanangu, ukisahau kugeuza jedwali, Bibi atakufuata ofisini." Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 5 Oktoba 2025, kalenda ya msimu huu ikiwa bado haijatoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliotupikia na kulala nasi, wafanyakazi wenzake, na familia ya Mzee Nassibu, mliotuamini na kazi ya baba yenu.

Jana Sadiki alileta hapa msibani kalenda aliyoitoa mwenyewe, Bibi akataka nimsomee Igalula, nikamsomea, Julai ni kavu, naye akaitikia kwa kichwa. Mama, jedwali limegeuzwa. Pumzika kwa amani.