Jiko Lililowashinda Watafiti wa Amani

Mheshimiwa Mama Profesa Aune Kettula, Mkurugenzi wa Taasisi hii ya Utafiti wa Amani na Migogoro, unayestaafu leo. Mheshimiwa mwakilishi wa Meya. Mheshimiwa Sajenti Meja Riikonen wa kambi ya jeshi iliyo ng'ambo ya barabara, ambaye hema lako bado limesimama kwenye nyasi zetu. Waheshimiwa watafiti wa Idara ya Migogoro. Waheshimiwa watafiti wa Idara ya Amani, na hapa naomba ieleweke kwamba nimewataja wa Migogoro kwanza kwa sababu nimeelekezwa hivyo, na atakayesimama hapa mara nyingine atawataja wa Amani kwanza, mmeshakubaliana. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi mliojisogeza karibu na meza ya keki mkidhani sikuwaona: habari za mchana.

Jina langu ni Endel Tamsalu. Mimi ni fundi, natoka ng'ambo ya bahari, Estonia, kusini kabisa, Võru. Shule niliiacha mapema nikaenda kubeba matofali, kwa hiyo nikikosea mpangilio wa maneno mnisamehe, na nikisema jambo waziwazi mno mnisamehe pia, maana mgongo unaniuma, na mtu anayeumwa mgongo hana nguvu ya kuzungukazunguka.

Profesa alinikuta jana nimelala chali chini ya benchi la sauna, misumari mdomoni. Akainama, akaniambia kesho nitasema maneno mawili. Nikatema misumari, nikamjibu kwamba mimi si mtu wa hotuba.

"Ndiyo maana nakuomba wewe," akasema. "Wengine wote ni watu wa hotuba."

Basi nitasema. Nilikuja hapa kutengeneza sauna ya taasisi, kile chumba cha kuoga mvuke wa mawe yanayopashwa moto na jiko, kazi ya wiki mbili. Nilipofika ziwa lilikuwa bado barafu tupu, wazee wamekaa juu yake wanavua samaki kwenye matundu. Leo watu wanatoka msituni na vikapu vya uyoga, yaani majira ya joto yameshapita. Na Jumamosi hii, yaani keshokutwa, binti yangu Triinu anaolewa.

Kwetu, jioni ya kuamkia harusi, bibi harusi huingia sauna na mama yake na mashangazi na marafiki zake, wanamwosha, wanamwimbia, wanamwambia yale ambayo sisi wanaume hatuambiwi. Jioni hiyo ni kesho. Na jiko la sauna ya nyumbani kwangu limepasuka tangu majira ya baridi, na aliyeahidi kulijenga upya ni nani? Ni huyu anayesimama mbele yenu. Kila Jumapili Triinu alinipigia simu.

"Baba, bado tu?"

"Bado."

"Kwani hao watu wanapigana?"

"Hapana, mwanangu. Wanajadiliana."

"Basi nisogeze harusi mbele."

Wageni waalikwa, pengine hamjui kilichonikalisha. Taasisi hii kila Alhamisi mchana inaingia sauna, na mimi nimeambiwa na kila mtu, mpaka na mama wa mapokezi, kwamba tangu iundwe hakuna ugomvi wa ndani uliowahi kumalizwa penginepo. Nani aende mkutano wa Geneva, nani akae chumba chenye dirisha la ziwani, yote yalimalizwa kwenye yale mabenchi. Pale mtu hapandishi sauti. Pale hakuna Dokta wala Profesa, kuna watu wenye jasho. Na kabla hujamwagia mawe maji unawauliza wenzako kwanza, hata kama wewe ndiye mwenye upawa. Wakisema bado, unangoja.

Sasa, jiko likapasuka. Dokta Pirkko Vainikka wa Idara ya Migogoro akasema liwekwe la umeme. Dokta Tauno Hyypiä wa Idara ya Amani akasema liwekwe la kuni. Mimi nikakaa juu ya ndoo yangu nikasubiri jibu. Nilidhani nitasubiri mpaka kahawa iive.

Kwa nini hamkupiga kura? Niliuliza swali hilo wiki ya kwanza, nikiwa bado mgeni. Dokta Hyypiä akanitazama kama niliyependekeza tuchome jengo. Akanieleza kwa upole kwamba kura humwacha mtu ameshindwa, na aliyeshindwa hurudi. Hapa jambo halipiti mpaka kila mtu amelikubali. Nikaenda kutafuta chumba cha kupanga.

Vikao vikaanza. Dokta Vainikka alionyesha picha za hewa chafu. Dokta Hyypiä alionyesha picha za umeme ukikatika, na babu yake. Wakanihoji na mimi, kwa kuwa ni mtu niliyeathirika na mgogoro. Wakaniuliza najisikiaje, nikasema nasikia njaa. Ikatolewa hoja ya maridhiano: yawekwe majiko mawili, la umeme kushoto, la kuni kulia, na watu wakae katikati. Nikawaambia hapo katikati mtu ataiva kama soseji. Wakaandika kwamba fundi ameonyesha wasiwasi.

Wakaleta msuluhishi kutoka Norway, mzee mmoja mrefu aliyewahi kukaa kwenye hema kati ya majeshi mawili yenye mizinga. Alikaa nanyi siku mbili. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, nilimkuta kwenye korido anavaa koti. Nikamuuliza vipi, mzee, wamepatana?

Akanishika bega. "Ndugu yangu," akasema, "kule angalau walikuwa wanachoka."

Ndugu zangu, msikasirike. Nitalirudia neno hilo baadaye na mtaona nilikuwa na maana gani.

Wakati huo jiko la umeme lilishanunuliwa, kwa matumaini tu, likakaa kwenye boksi lake kando ya ngazi. Watu wa Migogoro waliweka vikombe vya kahawa juu yake. Watu wa Amani walilipita wakiangalia ukuta. Dokta Vainikka na Dokta Hyypiä, waliofanya kazi vyumba vya jirani tangu nywele zao zikiwa nyeusi, wakafikia hatua ya kusalimiana kwa kunitumia mimi. "Mwambie Tauno habari za asubuhi." Nikienda kumwambia: "Mwambie Pirkko nzuri." Hiyo si kazi ya fundi, lakini niliifanya, na bila nyongeza.

Aliyeona tatizo lilipo ni Profesa Kettula. Siku hiyo nilikuwa chumba cha mikutano napima mlango, maana nilikuwa nimeshaanza kutafuta kazi nyingine humu ndani. Profesa akagonga meza kwa kijiko.

"Tunagombana kuhusu sauna," akasema. "Ugomvi wetu wote tunaumalizia sauna. Na sauna imefungwa."

Kimya kikawa kirefu. Kisha mmoja wenu, simtaji jina, amevaa miwani ya kijani, akauliza kama jambo hilo linaweza kufanyiwa utafiti.

Profesa alivaa koti lake, akavuka barabara, akaingia kambi ya jeshi. Na mimi nilimfuata nyuma, maana nilikuwa na harusi. Naomba wageni waelewe ukubwa wa jambo hili. Taasisi hii imeilalamikia kambi hiyo kwa kelele za bunduki kwa miaka mingi, na kule kambini nyinyi mnaitwa watu wa mishumaa, yaani wa kuwasha mishumaa na kuombea amani. Sajenti Meja Riikonen alitupokea getini, mikono mgongoni. Profesa akamwambia anaomba kuazima hema la sauna, lile ambalo askari huenda nalo mpaka porini.

"Profesa," akasema Sajenti Meja, "nimeingoja siku hii tangu nikiwa koplo. Nyie watu wa amani mnapigania nini?"

"Jiko," akasema Profesa.

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu, la kuni au la umeme, na alipoambiwa ugomvi wenyewe ni huo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona vita vibaya. Kabla hatujarudi ofisini askari walikuwa wameshafika na hema, wakalisimamisha pale pale chini ya kibao chenu kinachokataza silaha.

Dokta Vainikka alitoka akalizunguka hema, akasema lina jiko la kuni, kwa hiyo haliko katikati ya pande mbili.

"Dokta," akasema Sajenti Meja, "hema la umeme jeshi halina. Ingia."

Tukaingia. Hema lilikuwa moja, kwa hiyo wanaume kwa wanawake tuliingia pamoja, na nguo za kuogelea na mataulo, tumebanana. Tulikaa tukitazama miguu yetu. Dokta Hyypiä ndiye aliyekuwa karibu na ndoo. Akachukua upawa, akawazungushia macho watu wote, na kwa mara ya kwanza tangu barafu iyeyuke akamwuliza Dokta Vainikka kitu ana kwa ana.

"Nimwage?"

"Mwaga."

Akamwaga. Mvuke ukatupanda masikioni. Dokta Vainikka akafumba macho, akakaa hivyo, kisha akasema taratibu: "Kumbe ni hivi."

"Kumbe nini?"

"Kumbe likiwa la moto ni hivi. Tauno, miaka yote hii zamu ya kwanza ni yenu wanaume. Sisi tukiingia moto umeshakufa, mawe yanapiga miayo. Tunakaa pale kama watu wanaosubiri basi."

Dokta Hyypiä akaweka upawa chini. "Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Uliuliza kuni au umeme."

Pale nilitamani kucheka. Kisha Dokta Vainikka akamgeuzia swali: na yeye kuni anazitakia nini, tena asimwambie habari za urithi wa taifa. Mimi niliongeza kuni, watu wakabadilisha makalio. Hatimaye Dokta Hyypiä akasema, na alisema akiuangalia moto:

"Alhamisi saa sita nateremka kuwasha. Nachanja kuni, nawasha, linashika, tunaoga, imekwisha. Hiyo ndiyo kazi pekee ya wiki ninayoianza nikaimaliza. Vile vita ninavyovitafiti, Pirkko, nilivianza kijana. Mpaka leo vipo."

Dokta Vainikka akauokota upawa.

"Basi wewe washa," akasema. "Sisi tuanze."

Ndiyo hivyo tu, ndugu zangu. Jiko la kuni, moto wa Dokta Hyypiä, wanawake zamu ya kwanza. Jioni ile ile nilichanganya udongo. Tulipotoka nje tukitoa moshi kama viazi, Sajenti Meja alikuwa anangoja na soseji kwenye moto. Akauliza nani kashinda. Profesa akamwambia hakuna aliyeshinda.

"Basi mtarudi," akasema. "Hema nitaliacha."

Nimejiuliza sana, nikiwa nimelala chini ya lile benchi: kazi ya watu hawa hasa ni nini? Nimefanya kazi kwenye majengo mengi ya nchi hii. Nimeona wasimamizi wawili wakitofautiana mahali pa kuweka mlango. Mmoja alikwenda hospitali na pua, na mlango ukawekwa pabaya. Hapa hakuna aliyeumia, ukiniondoa mimi na mgongo wangu. Yule mzee wa Norway alisema nyinyi hamchoki, akaona ni kasoro. Mimi kazi yangu ni kuchoka, naijua, na nawaambia kwamba huko duniani watu huchoka upesi sana kuongea, na wakichoka kuongea hunyanyua kitu. Nyinyi hamkunyanyua kitu. Hata vile vikombe juu ya boksi mlivishusha polepole. Sisemi ni kazi ya haraka. Nasema siku nyumba yangu ikigawanyika, ningependa wagawanyike watu wasiochoka kama nyinyi.

Na imegawanyika, kumbe. Wiki iliyopita, kwa makubaliano ya wote, mlinizawadia lile jiko la umeme liwe zawadi ya harusi ya Triinu. Nilishukuru sana, na sababu yake ni hii: jiko la udongo nikilijenga kesho asubuhi halitakauka jioni, nami ningemkabidhi binti yangu sauna baridi usiku wake wa mwisho nyumbani. Hili la umeme nalifunga kabla ya chakula cha mchana. Nikampigia simu nikamweleza. Akafurahi. Kisha nikamsikia anamwambia mchumba wake, Kaarel. Halafu simu ikawa kimya.

Nikakitambua kile kimya. Nimekisikia hapa tangu barafu.

"Baba," akasema Triinu, "Kaarel anasema kwao ni kuni."

Nikamwambia ampe simu. Sikumweleza habari za hewa wala za umeme kukatika. Nilimuuliza anazitakia nini kuni. Akasema, akiona haya, kwamba alitaka awe yeye wa kumwashia mke wake moto wa kwanza. Sasa huyo utamwambiaje hapana? Tumepatana hivi: kesho ni la umeme, maana kesho ni ya wanawake. Mwezi ujao mimi na yeye tunajenga la kuni, na atawasha mpaka achoke. Kaarel akauliza kama hayo ni makubaliano rasmi. Nadhani atafaa kuja kufanya kazi hapa.

Profesa Kettula, wewe huna maneno mengi, na leo unaondoka, kwa hiyo nitakuambia kwa ufupi. Nimefanya kazi chini ya mabwana wengi waliojua kuamuru. Wewe ni wa kwanza niliyemwona anavuka barabara kwenda kumwomba jirani asiyempenda. Nakushukuru, na binti yangu anakushukuru, ingawa alikuwa anakuita majina mengine mpaka juzi.

Ratiba inaonyesha baada yangu kuna wasemaji wengine, na kila mmoja amekubaliwa na wote. Mimi meli ya jioni hainingoji, na gari langu liko pale nje, boksi limeshafungwa kamba. Nawashukuru kwa kazi, kwa kahawa, na kwa kunivumilia na haya niliyoyasema. Moto umewashwa tangu saa sita. Aliyeuwasha mnamwona, ana masizi kwenye tai. Upawa huu nimeuchonga mwenyewe siku zile nilipokuwa sina la kufanya, na zilikuwa nyingi. Chukua, Profesa. Wanawake kwanza, na wewe mbele yao, umwage wa kwanza.

Lakini waulize kwanza.