Feni Zikizimwa

Basi lilipotoka stendi, mama mshonaji alisikia ubishi umeanza kwenye kiti cha mbele yake. Kijana mwenye raketi mgongoni alikuwa akimsukumia muuza nyama tiketi ya bure.

"Mzee wangu, njoo leo jioni ukumbi wa shule. Wachezaji wa kulipwa wa vinyoya, mara yao ya kwanza kufika huku. Wasipokuta watu, hawarudi tena."

"Vinyoya? Mimi kuku namnyonyoa, simchezei."

"Hiki kinyoya ni kama kijimpira, kinapigwa kwa raketi, baba, kasi yake utasahau kupepesa macho. Ila tunafunga madirisha na kuzima feni. Upepo kidogo tu, kinapotea njia."

"Yaani nitoke buchani nije kuokwa? Mpira ninaoujua mimi unachezwa hata kwenye mvua!"

"Si utajipepea na kofia?"

"Na upepo si umeukataza?"

Mama alijikuta anacheka, akashangaa, maana hakuwa amecheka tangu msiba. Mumewe naye alikuwa akizima feni ili asikie vizuri mpira wa redioni, na yeye akimgombeza kwamba atawapika wazima wazima. Tangu amzike, feni ile huzunguka kutwa na hakuna wa kuizima.

Basi likasimama. Wale wawili wakashuka, bado wanabishana juu ya kofia. Mama akawafuata mbio, akamvuta kijana mkono wa shati.

"Nipe na mimi moja, mwanangu. Joto hilo nina hamu nalo."