Sauti ya Mwalimu Gerald

Benchi letu pale Maretadu ni ubao mmoja wa mkaratusi ulioegemezwa ukuta wa mashine ya kusaga, na wa mwanzo akiinuka bila kuaga, wa mwisho anakwenda chini. Jumamosi hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mashine kimya, madebe ya mahindi yamejipanga foleni, na baridi ilikuwa ile ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Verediana muuza kahawa alikuwa ametuonya kwamba birika likiisha haongezi. Tulikuwepo mimi; Hhando, tunayemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kufungua redio na ikafungika tena; na Reginald, bwana shamba mstaafu, tunayemwita Methali, na sababu utaisikia mwenyewe. Kati yetu alikaa Mwalimu Gerald wa sekondari, na laptopu mpya mapajani. Mwalimu haoni tangu utoto. Ile laptopu yake ya zamani ina programu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa, na kwa sauti hiyo anatunga mitihani ya historia upesi kuliko sisi tunavyomaliza sahani ya makande.

Mwalimu: Hii mpya ni bubu. Nimeiwekea programu, ikakataa. Monica wa ofisi ya parokia akanisomea kioo, inasema nafasi za leseni zimekwisha.

Injinia: Zimekwishaje? Kwani ni gunia?

Mwalimu: Wafadhili walinipa leseni ya nafasi tatu. Kila kompyuta inakula moja. Na mimi kabla ya hii nimemiliki kompyuta moja tu tangu nizaliwe. Hizo mbili zimekwenda wapi?

Methali: Damu nzito kuliko maji.

Mimi: Damu imeingia wapi hapo?

Methali: Imeingia. Hii mpya na ile ya zamani si ndugu. Sauti imemkataa mgeni.

Injinia: Aisee, acha hizo. Sauti ni nyuki. Nyuki huwahamishi mmoja mmoja, unamhamisha malkia, wengine wanamfuata. Chomeka flashi kwenye ile ya zamani, igonge mgongoni taratibu, malkia anaingia.

Mwalimu: Flashi nilitumia, Injinia. Programu inahama. Ruhusa haihami.

Injinia: Kwa sababu hukugonga.

Methali: Sikilizeni. Wenye programu wako Ulaya, na setilaiti haifumbi jicho. Wameona sauti inataka kuhama nyumba, wakasema huyo ni mwizi. Mficha uchi hazai! Mwalimu aende uwanjani, ainue laptopu zote mbili juu, wamwone ni yeye.

Injinia: Na mawingu haya ya leo? Hapana. Zilazwe pamoja. Ng'ombe mgeni ukimfunga nira siku ya kwanza anakuvunjia jembe. Ukimlaza zizi moja na mwenyeji, asubuhi wanavuta pamoja. Zilaze juu ya meza moja, ya zamani iifundishe mpya kusema.

Methali: Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini.

Verediana akagonga birika kwa kijiko.

Verediana: Nyie mnacheza. Mwenzenu ana mitihani ya Jumatatu.

Mwalimu: Waache, dada. Ila ni kweli, mitihani hiyo naiogopa. Ile ya zamani inajizima katikati ya sentensi, betri imekufa, haiwezi kunifikisha mwisho wa mwezi. Na bila sauti narudi kusomewa. Mnajua kusomewa? Ni kumsubiri mtu amalize kula, amalize kuongea na simu, halafu asome haraka akaruka anachoona hakina maana. Miaka ishirini nilisoma kile watu walichoamua kunisomea.

Mimi nikapuliza kahawa yangu, nikajifanya bado ni ya moto.

Methali: Basi Mwalimu, tua moyo. Hiyo ya zamani uliyoahidi kuwapa watoto wa parokia, nimeichukua kwako asubuhi, nimeshaipeleka kwa Patriki fundi. Nimemwambia aioshe, afute kila kitu, Monica aipokee ikiwa safi.

Mwalimu: Asante sana, bwana shamba. Kwangu imeshachoka, umenifikiria.

Niseme kitu hapa kwa asiyetujua. Kwetu, ukiazima sufuria ya jirani unairudisha imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa. Chombo cha mtu hakirudi kichafu, hata kama ulikipokea kina masizi. Na laptopu ya Mwalimu ilikuwa sufuria ya kijiji kizima. Injinia aliiazima kwa picha za harusi ya binti yake Oliva. Methali aliiazima kwa shughuli za ushirika. Ajabu ni kwamba mara zote hizo mbili ilirudi bubu. Tukasema ni virusi, tukampa Mwalimu pole, na kila mara akaitwa mtaalamu kutoka Mbulu mjini akairudishia sauti.

Ndipo akaja nesi mpya wa zahanati, Judica, mtu wa Same, shingoni ana skafu mbili kwa ajili ya baridi yetu.

Judica: Shikamooni.

Sote: Marahaba, nesi. Karibu.

Akapewa kikombe, akasimuliwa kisa chote, pamoja na nyuki na setilaiti. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza:

Judica: Sasa hiyo ya zamani, kabla haijafutwa, leseni mmeitoa?

Injinia: Kuitoa vipi?

Judica: Unaifungua programu, unaiambia iachie nafasi yake. Ikishaachia, ndipo unafuta. Ukifuta kwanza, nafasi inazikwa humohumo. Tulipobadilisha kompyuta za maabara kule nilikotoka tulifanya hivyo. Mmeitoa?

Kabla mtu hajafungua mdomo, mashine ya kusaga ikanguruma nyuma yetu. Umeme umerudi! Siku nyingine tungepiga makofi.

Mwalimu: Patriki! Alikuwa anasubiri umeme!

Injinia aliruka bila kuaga, na mimi nikaenda chini pamoja na kahawa yangu. Methali alimpigia kelele kwamba haraka haraka haina baraka, lakini mzee yule alikuwa ameshavuka barabara, koti linapepea, mabuti ya mvua yanagongana, mbuzi wanampisha njia. Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa nguvu. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea dakika zile.

Alirudi anahema, laptopu kaikumbatia chini ya koti, waya unaburutwa vumbini.

Injinia: Flashi ilishachomekwa. Kidole kilikuwa kinashuka, nikakidaka!

Tuliichomeka pale kwenye mashine ambapo watu huchaji simu. Verediana akamwomba mwendesha mashine azime kidogo, na wenye madebe, waliosubiri tangu asubuhi, wakaguna, kisha wakanyamaza. Judica akawasha intaneti ya simu yake. Ikatoka ile sauti ya puani isiyoweza kutamka jina la mtu yeyote wa Mbulu. Mwalimu akaifuata kwa vidole, akibonyeza na kusikiliza, mpaka ikamwambia imeachia nafasi. Akahamia kwenye mpya. Kimya. Kimya tena. Halafu mpya ikasema, puani vilevile, kwamba iko tayari.

Mwalimu alicheka, akafuta macho kwa mkono wa sweta. Nami nilifuta yangu, na siyo kwa moshi wa jiko.

Alipotulia, akageuza uso kuelekea kwetu.

Mwalimu: Kwa hiyo zile nafasi mbili zilizikwa kwa kuoshwa. Nani aliiosha mara ya kwanza? Na ya pili?

Verediana alikuwa ameinamisha birika, yakitoka machicha matupu.

Mwalimu: Nasikia vikombe viwili havijainuliwa.

Methali alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuna methali iliyotoka.

Injinia: Mwalimu, unajua chombo cha mtu...

Mwalimu: Najua. Hakirudi kichafu.

Akaipapasa laptopu mpya, akaifunga polepole, kisha akamgeukia Injinia.

Mwalimu: Jumanne mtaihitaji kwa picha za ubatizo wa mjukuu wako. Mitihani ikiisha, njooni muichukue. Ila changu mimi, nawaomba, kirudi kichafu.