Jiko la Kupigia Picha

"Jiko la mkaa silitoi tena uvunguni, shemeji. Napikia gesi mwaka wa tatu huu!"

Muuza mitumba, aliyekaa nyuma yao kwenye basi, akatega sikio. Anayefoka alikuwa fundi cherehani. Anayebembeleza ni jirani yake, mtembeza wageni.

"Usiniharibie kazi, shemeji. Wageni wanataka maisha halisi ya mtaani. Wakiona gesi watasema nimewadanganya, na kampuni itanifukuza."

"Halisi? Wiki jana nimepigwa picha nikipepea jiko lisilo na hata kaa moja! Wanangu wananicheka mpaka leo."

Muuza mitumba alimeza kicheko. Siku hiyo ya wiki jana wageni walipita kwake pia, na yeye alifunika televisheni yake kwa shuka, wala hakubembelezwa.

Basi likasimama. Wageni sita walikuwa wakingoja kituoni, kamera shingoni, na nyumba ya fundi iko ng'ambo tu ya barabara. Mtembeza wageni alishuka.

Fundi akampita, akawapungia wageni mkono. "Karibuni ndani, maharage ya jiko la gesi yako tayari. Shemeji, watafsirie, na wewe uje ule." Kisha akageukia dirisha la basi. "Na wewe mama wa masikio, shuka tukale!"