Sekunde Mbili za Aneth

Nje ya geti la chuo pana benchi moja, jiko la Abubakari muuza kahawa, na cherehani ya Eliakimu. Bwawa la kuogelea la chuo hicho limewazidi umri wote wanaokaa hapo, na klabu ya waogeleaji hujifua humo kila alfajiri. Mchana huo kahawa haikumshuka Eliakimu. Binti yake Aneth alikuwa amepitwa kwa sekunde mbili na muda wa kufuzu kwenye mita hamsini, kwenda na kurudi, na majina ya timu ya mashindano ya taifa yalikuwa yanafungwa saa kumi jioni. Roho ilimuuma kweli.

— Tatizo maji, alisema Spika, mhudumu wa ofisi mstaafu aliyepewa jina hilo kwa kupenda kufunga mijadala. Maji ya Dodoma yana chumvi, mazito. Mtoto anaogelea huku anavuta mzigo.

— Acha fiksi, mzee. Kwenye chumvi mtu anaelea vizuri zaidi, alijibu Denis, muuza dawa za mifugo. Tatizo upepo. Unampiga usoni.

— Akirudi si unampiga kisogoni?

— Akirudi, nao unakuwa umegeuka.

Abubakari akamimina kahawa.

— Mimi nasikia lile bwawa lina mteremko. Kwenda anapanda mlima.

— Maji yapande mlima?

— Tangu treni ya umeme ianze kupita Ihumwa, alisema Spika, hata chai yangu inalalia upande mmoja.

— Mwanangu si mzito, alisema Eliakimu. Namwona kila alfajiri kwa macho yangu.

Abubakari akamwongezea kahawa, kwa kumhurumia. Ndipo akafika binti mmoja, Restuta, mwanafunzi mgeni, na sketi ya kupunguzwa pindo.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Alisimama akawasikiliza wakirudia chumvi, upepo na treni.

— Samahani, wazee. Hilo bwawa lina mita ngapi?

— Ishirini na tano, alisema Spika. Mabwawa yote ndivyo yalivyo.

— Nani alilipima?

Spika akamtazama Denis. Denis akamtazama Abubakari, naye akajifanya anachochea mkaa. Miaka yote hiyo saa ya kocha imewapima watoto, ila bwawa lenyewe hakuna aliyejua kama liliwahi kupimwa.

Eliakimu akainuka. Tepu yake ilikuwa shingoni, kama siku zote.

Mlinzi aliwapisha. Denis akashika ncha moja, Eliakimu akapiga magoti ukingoni, wakawa wanasogeza mita moja na nusu baada ya mita moja na nusu, Spika akihesabu kwa sauti.

— Kumi na saba. Hapa tulitakiwa tuwe tumeshaupita ukuta.

— Endelea, mzee.

— Kumi na nane. Basi, tumefika.

— Mita ishirini na saba, alisema Restuta. Kwenda na kurudi, amewazidi wa mabwawa mengine mita nne.

Eliakimu alikaa chini kwenye vigae akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akauliza saa.

— Tisa na nusu.

— Na sketi yangu je? aliuliza Restuta.

Eliakimu alikuwa ameshatimua mbio kwenda kwa kocha, tepu ikimpepea shingoni.